Mzigo Uliolala Stejini

Kisumu, Jumapili jioni

Kwa siku tisa nilikuwa nimechora mchoro wa klasi wa programu itakayofuatilia mizigo inayotumwa kwa matatu kutoka hapa hadi Nakuru, nao ulinipendeza mno: Mzigo, Mtumaji, Mpokeaji, Safari na Malipo, kila klasi, yaani kila aina ya kitu ambacho programu hushughulikia, na sifa zake. Jumanne niliupeleka stejini nikamwonyesha karani wa mizigo, mama aliyeianza kazi hiyo enzi za vitabu vya stakabadhi. Aliutazama kwa muda, kisha akauliza, "Na ule uliolala, mwanangu, uko wapi hapa?"

Mzigo uliolala ni ule uliofika Nakuru ukamkosa mwenyewe. Hutozwa ada ya kuhifadhiwa, na usipochukuliwa hurudishwa Kisumu, ambako sasa anayesubiriwa ni mtumaji. Mchoro wangu haukuwa na lolote la kusema juu ya hayo, kwa kuwa mchoro wa klasi hueleza vitu vilivyopo na uhusiano wake, wala haugusi yanayovipata vitu hivyo.

Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, ulinitia haya zaidi. Nilikuwa nimeupa Mzigo sifa nne za ndiyo au la: umelipiwa, umepakiwa, umefika, umechukuliwa. Sifa nne za namna hiyo huzaa michanganyiko 16, na kwa kuwa hatua hizo hufuatana, ni mitano tu yenye maana. Katika ile 11 iliyobaki yumo mpokeaji anayechukua mzigo ambao haujapakiwa, na programu yangu ingemkubalia bila kuguna.

Usiku huo niliziondoa zote nne, nikaweka sifa moja ya hali, kisha nikachora mchoro wa hali: mzigo uko wapi katika maisha yake, ni tukio gani linaloutoa hapo, na kwa sharti gani. Michoro ya aina hii ilikuwapo zamani, lakini David Harel, katika makala yake ya mwaka 1987, aliruhusu hali kuwa ndani ya hali nyingine, na lugha ya michoro ya UML ikaurithi mtindo huo. Kwangu ulikuwa ukombozi. Ndani ya hali ya "Umefika" niliweka "Unasubiri" na "Umelala", na mshale wa kuchukuliwa nikauchora mara moja tu, kutoka hali kubwa.

Mchoro wa mfuatano, unaoonyesha nani anamtumia nani ujumbe na kwa utaratibu upi, niliuchora kwa ajili ya malipo pekee. (Wapo wanaouchora kwa kila jambo; mimi sina subira hiyo.) Uthibitisho wa malipo ya simu unaweza kuchelewa au kuja mara mbili, kwa hiyo ulinibidi niamue kwamba ule wa pili, ukiukuta mzigo umekwisha kulipiwa, usibadilishe kitu.

Alhamisi nilirudi stejini. Mama aliifuata mishale kwa kidole, akasimama kwenye "Njiani". "Gari likiharibika Londiani, mzigo ukapandishwa jingine?"

Nikachora mshale unaotoka "Njiani" na kurudi "Njiani". Kisha nikaufungua ule mchoro wa klasi, nikafuta ile 1 kati ya Mzigo na Safari, iliyosema kwamba kila mzigo una safari moja tu, nikaandika "moja au zaidi".