Orodha ya watoro

Rejista ya karatasi inamjua aliyekuja tu. Mgonjwa wa presha akiacha kliniki, hakuna mstari wowote unaoandikwa. Mwisho wa mwezi tunajumlisha mahudhurio, ripoti inaenda, na mambo yanaonekana shwari. Ndiyo maana tangu tuletewe mfumo wa kompyuta kwenye kliniki yetu ya magonjwa sugu, asubuhi naanza na ukurasa wa watoro, yaani wale ambao tarehe yao ya kurudi imepita.

Presha na kisukari havina kelele, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Juzi nilifungua faili la mama mmoja: alianza na presha ya 168/102, akaongezewa dozi, akashuka hadi 134/84, kisha kimya. Nikampigia. "Si nilishapona, sista?" Kumbe ile nafuu ndiyo iliyomfanya aweke vidonge kando. Rejista isingenionyesha hilo, kwa sababu vipimo vyake vingekuwa vimetawanyika kwenye kurasa za miezi tofauti.

Kupiga simu nako kuna adabu zake. Namba nyingi ni za mtoto au jirani, kwa hiyo akipokea mwingine sitaji ugonjwa. Naomba tu mwenyewe anitafute.

Ila mfumo unakula unacholishwa. Nikiona 140/90, 150/90, 140/90 zimefuatana siku nzima, najua kuna mtu amekadiria. Mashine haiwezi kupenda sifuri kiasi hicho. Kwenye sukari ni balaa zaidi: mashine moja inasoma kwa kizio cha mg/dL, fomu inataka kizio kingine, mmol/L, na mtu anajaza 130 badala ya 7.2. Kompyuta inauliza "Una uhakika?" na mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Kwa nini isikatae kabisa? Hakuna mgonjwa anayeingia kwa miguu yake akiwa na 130 ya mmol/L.

Kuna jambo jingine ambalo nimeshawaambia mafundi. Ukimaliza kumfuatilia mtoro, lazima uchague sababu: amehama, amefariki, hapatikani. Basi. "Alijisikia mzima" haimo, na ndiyo ninayoisikia kuliko zote. Naiandika kwenye kisanduku cha maelezo, mahali ambapo ripoti ya mwezi haifiki.