Mabibo ya shamba pori na upupu wake

Ukitaka mvinyo wa mabibo, yale matunda laini yanayobeba korosho, unuke bibo, usichume kwenye shamba safi. Nenda shamba pori, lile lililoachwa. Najua maneno haya hayawapendezi wakulima wa huku kwetu, maana shamba lililofyekwa likang'aa ndiyo heshima ya mtu, lakini mimi si mkulima. Ni fundi friji hapa Chuno, Mtwara mjini, na mvinyo ni shughuli yangu ya jioni nikishafunga kazi. Anayetafuta korosho ana mambo yake, anayetafuta bibo ana yake.

Kisa ni salfa. Kati ya Mei na Agosti, mikorosho ikichanua, ukipita barabara ya Nanguruwe alfajiri utasikia bloa, zile mashine za kupulizia, zinanguruma na kuona vumbi la manjano limetanda juu ya mashamba. Bila salfa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unakausha maua, na maua yakikauka mwaka umekwenda. Ugonjwa huo ulitusumbua sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa jirani kabisa, ndicho kilichohangaika nao mpaka wakulima wakapata namna ya kuudhibiti. Kwa hiyo mimi sigombani na salfa. Inayogombana nayo ni hamira. Hamira ikikuta mabaki ya salfa kwenye maji ya matunda huyageuza kuwa gesi ileile ya yai viza, na ukifungua ndoo siku ya tatu utadhani kuku ametaga ndani akasahau. Nina rafiki Dodoma anayeshughulika na zabibu. Yeye anasema harufu hiyo huja pia hamira ikikosa chakula. Kweli. Lakini nimeshaweka ndoo mbili kando kwa kando, hamira moja, sukari moja, tofauti ikiwa ni mabibo ya shamba lililopigwa unga wa salfa na mabibo ya porini, na iliyonuka ilikuwa ile ya shamba safi. Huyo rafiki akaniambia pia kwamba shaba huondoa harufu hiyo. Mabomba ya shaba ninayo, ndiyo kazi yangu, yamejaa stoo. Ila siko tayari kunywa bomba la friji.

Na huko shambani siku hizi hawapigi unga peke yake. Kuna dawa za maji za ubwiriunga, kuna za mbu wa mikorosho, mdudu anayeifyonza. Korosho imejifungia ndani ya ganda lake, haina wasiwasi. Bibo lina ngozi nyembamba kuliko ya nyanya, na mimi nalikamua na ngozi yake.

Shamba pori ninalochuma ni la mjomba wangu, ndani kidogo ukitoka Nanguruwe. Sisi ni Wamakonde, na kwa desturi yetu ya zamani mambo ya ukoo hupita upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada kuingia shamba la mjomba wake haombi sana; anapiga hodi, anatoa shikamoo, anaingia. Mikorosho ile ilipandwa kabla ya operesheni vijiji. Watu walipohamishwa miaka ya 1973 hadi 1976 kwenda kukaa pamoja kando ya barabara, mashamba yakabaki mbali, mengine mwendo wa saa mbili kwa miguu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zikapatikana kama tani 17,000 tu. Vitabu vinataja sababu nyingi: kuhamishwa, bei mbaya, ubwiriunga. Mjomba anataja moja, miguu. "Ungetembea wewe," huwa ananiambia, "halafu ufike ukute nyani kashavuna?"

Basi mikorosho ikaachwa, na kilichoachwa kikapata mwenyewe mwingine. Upupu.

Kwa msomaji aliyekulia ghorofani: upupu ni mmea unaotambaa, wa jamii ya maharage, una maua ya zambarau yanayoning'inia kwa vishada, mazuri kweli, na baadaye maganda yaliyopinda kidogo yenye manyoya ya rangi ya dhahabu ikielekea kahawia. Maganda hukauka kiangazi, yakafika Septemba na Oktoba yako tayari kupukutika, yaani wakati uleule mabibo yanapoiva. Hayo manyoya ni sindano ndogo, na ndani yake mna protini inayokwenda moja kwa moja kuchokonoa mishipa ya fahamu ya ngozi. Muwasho wake haufuati njia ya aleji za kawaida, ndiyo maana watu humeza vidonge vya aleji wakaendelea kujikuna. Tuliosoma shule za msingi za huku tunajua ulivyotumika kwenye madawati ya watu wenye maringo. Sitaji majina.

Sasa namna ya kuingia. Naondoka Chuno na bodaboda kabla ya adhana ya alfajiri ili nifike kukiwa na umande na upepo haujaamka. Manyoya yakilowa umande yanalala. Saa nne upepo wa baharini ukishaanza, hata usipogusa kitu yanakufuata. Navaa koti la mvua la nailoni, si shati la kitambaa, kwa sababu kwenye nailoni hayashiki. Suruali ndani ya buti, kilemba mpaka shingoni, miwani ya kuchomelea ya dukani kwangu. Jua likishatoka unaiva humo ndani, lakini afadhali jasho. Kamba ya upupu haivutwi hata siku moja. Ukiivuta, maganda yote yaliyoko juu ya mkorosho yanakutingishia baraka zao kichwani. Inakatwa chini, kwenye shina, kwa panga, halafu unaiacha hapohapo ining'inie ikauke, ukapita upande mwingine. Vijana wengine hufikiri kuchoma moto ni mkato. Kwenye shamba lenye majani makavu mwezi wa kumi? Utaunguza mikorosho ya mjomba na ya jirani zake, kisha utawaeleza ulikuwa unatafuta mvinyo.

Na ukikupata, mikono ibaki mbali. Kujikuna ni kuyasukuma ndani na kuyasambaza. Shangazi zangu hupaka majivu au udongo mbichi, wanauacha ukauke, kisha wanaubandua taratibu. Mimi hubeba solotepu pana ya kufungia maboksi: bandika, bandua, bandika kipande kingine. Nguo za siku hiyo zinafuliwa peke yake, zinaanikwa peke yake, na mke wangu ana ndoo maalumu kwa kazi hiyo ambayo hairuhusiwi kuvuka mlango wa bafu.

Chini ya mkorosho wenyewe kazi ni ya haraka na ya kuinama. Natafuta mabibo yaliyoanguka usiku huohuo, yasiyopasuka, mekundu na ya manjano kwa pamoja. Yale ya juzi yameshaanza kuchachuka yenyewe na nyuki wameyawahi. Nikiona tawi limejaa naligongagonga kwa upondo na kutandika turubai chini. Bibo halina subira; likianguka asubuhi, kesho yake ni la mbuzi. Kila bibo nalinyonga pale pale nikalitoa korosho yake, na korosho zote zinaingia kwenye kiroba cha mjomba. Hilo ndilo patano letu: punje zake, maji yangu. Kwake yeye mimi ni kibarua wa bure anayemfyekea njia na kumwokotea korosho kwenye upande ambao hajaukanyaga miaka mingi, kisha anazipeleka chama cha msingi cha ushirika kusubiri mnada. Kwangu mimi yeye ndiye mjinga, maana bibo lina uzito mara nyingi kuliko korosho yake na analiacha lioze. Kila mmoja anamhurumia mwenzake. Undugu unadumu.

Nyumbani yanaoshwa, yanakatwa, yanatwangwa kidogo kwenye kinu na kukamuliwa kwa kitambaa cha shuka jeupe. Kilo kumi hunipa kama lita sita. Hapo ndipo penye shida kubwa ya bibo: linakereketa. Kila aliyewahi kulila anajua lile koo linalokaba na ulimi unaokuwa mkavu. Ukichachua maji yake vilevile, mvinyo unakereketa mara mbili. Dawa yake ni uji. Napika uji mwepesi wa mchele, naupoza kabisa, namimina kama nusu kikombe kwa kila lita ya maji ya mabibo, nakoroga na kuacha yatulie sehemu ya baridi. Wanga unayashika yale yanayokereketa na kuzama nayo. Baada ya saa chache chini kuna tope la kahawia, juu kuna maji ya manjano angavu. Namimina ya juu polepole, tope nampa jirani mwenye nguruwe kule Mikindani, ambaye hajawahi kulalamika.

Kisha sukari. Maji ya mabibo yana sukari yake, kama asilimia kumi hivi, ambayo peke yake ingetoa kilevi cha asilimia sita au pungufu. Kwa kila gramu 17 za sukari ndani ya lita moja unapata takriban asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo kilo moja kwa lita kumi inanifikisha kumi na moja, kumi na mbili. Zaidi ya hapo ni tamaa. Hamira ya mkate inafanya kazi, lakini huyo wa Dodoma hunitumia hamira ya mvinyo kwenye bahasha na basi, na tofauti iko wazi mdomoni.

Joto ndilo adui wa mwisho, na hapa ufundi wangu unanilipa. Mtwara mwezi wa kumi na moja mchana ni nyuzi thelathini na kupanda, na mvinyo unaochachuka kwenye joto hilo unakimbia, unapoteza harufu yote ya tunda. Nina friji bovu la mteja aliyehama asirudi kulichukua. Compressor imekufa, lakini bodi na raba ya mlango ni nzima. Ndoo inakaa ndani, kando yake chupa za maji zilizogandishwa kwenye friza, nabadilisha asubuhi na jioni, na kipimajoto kinasimama kwenye ishirini na mbili mpaka ishirini na nne. Kwenye mfuniko nimepitisha mpira wa dripu kutoka duka la dawa, ncha yake imezama kwenye chupa ya maji: hewa inatoka, inzi haingii. Mapovu yakiisha nahamishia kwenye madumu safi, naacha mashapo nyuma, narudia tena baada ya mwezi mmoja hivi. Unakuwa tayari karibu na Pasaka.

Mjomba hawezi kuelewa hili la Pasaka. Yeye ni mtu wa uraka, maji yaleyale ya mabibo, yamekamuliwa asubuhi, yamechachuka yenyewe, yananywewa mezani jioni. Kesho yake ni siki. "Mpwa wangu, pombe ya kusubiri miezi mitano hiyo ni pombe au mimba?" Na wako wanaoendelea mbele zaidi, wakautonesha kwa moto ukawa nipa, pombe kali, lakini hiyo sheria inakataza na mimi nina watoto wa kusomesha. Majirani zangu wengi Chuno ni Waislamu, kwao natenga maji yaliyotoka kwenye uji kabla ya hamira, napasha moto, naweka kwenye chupa. Bibo lina vitamini C nyingi mara kadhaa kuliko chungwa, na juisi hiyo wakati wa joto inaisha kabla mvinyo haujafikiria kuchachuka.

Na ladha? Mkavu, wa manjano hafifu, una harufu ya bibo lililoiva sana na kitu kidogo chenye ukali mwishoni ambacho uji haukuweza kukimaliza. Mimi ukali huo naupenda. Ukitengenezwa kwa mabibo ya shamba safi unapata kila kitu isipokuwa hiyo harufu ya mwanzo. Ama inafunikwa na yai viza, ama haipo.

Tatizo ni kwamba bei ya korosho imepanda na pembejeo zinatolewa. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, amejiandikisha kupata salfa na anataka kusafisha shamba zima: kufyeka, kupogoa, kupiga unga kuanzia Mei. Ana haki yake, na mikorosho ya wazee wale ikitunzwa itamlipa. Nimemwomba aniachie mikorosho minne ya upande wa bondeni, mbali na mingine, ingawa unga wa salfa hauna mpaka na upepo wa alfajiri unaweza kuuleta mpaka kule. Yeye amekubali, ila nimlipe korosho zitakazopotea kwa ubwiriunga, na anataka hesabu ipigwe kwa bei ya mnada uliokuwa juu kuliko yote. Mimi nataka wastani wa msimu. Mjomba ametusikiliza sote, akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: kabla ya bei, huo upupu wa bondeni anaufyeka nani?