Variabo za globali zilivyonila usiku mzima

Jana umeme uliporudi hapa Kirumba, Mwanza, nikawasha laptop, kaprogramu kangu ka lugha ya Julia ka kupiga hesabu za kina cha maji ziwani kanatambaa kama kobe, nikasema labda mashine imechoka maana nayo umri umeenda. Wapi! Nilikuwa nimeweka vitu vyote nje ya fanksheni, hatua ya muda, arei (orodha ya namba) ya vina vya maji, kila kitu, ili fanksheni zote zichote humo humo kama bomba la mtaa. Sasa globali, yaani variabo iliyokaa nje ya fanksheni, isiyotajwa aina inaweza kugeuka muda wowote, leo namba kesho maandishi, kwa hiyo kompaila (inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) haiwezi kuiamini, kila mzunguko wa lupu inakagua upya hiki ni kitu gani, na memori inaliwa bure. Nikazipitisha kama agumenti, yaani fanksheni inakabidhiwa mkononi inapoitwa, zile zisizobadilika nikazipiga const, neno la kusema hii haigeuki, chai haijapoa imemaliza. Halafu arei ukiipitisha haikopiwi, so ule woga wangu wa kujaza memori ulikuwa wa bure kabisa. Tangu toleo la 1.8 la Julia unaweza kuitajia globali aina yake, inasaidia, ila mi naona uvivu ule ule tu. Mshkaji wangu wa Nyegezi bado anabisha.