Dawa ya mjomba na ukijani wa yuglena

Nilikuwa fom faivu hapa Mtwara, mwezi wa pili, mvua zimekolea na madimbwi kila bonde, madam wa baiolojia akatwambia tulete maji ya kijani kutoka dimbwi lolote linalonywesha mbuzi. Mi nikachota Mikindani. Umeme ulikatika kwahiyo hadubini tukaitega dirishani kile kioo cha chini kidake jua, nikainama na nikamwona, yuglena, kiumbe wa seli moja, kijani kabisa, ana kidoa chekundu kwa mbele, mara ajinyooshe awe mwembamba mara ajikunje awe kama mviringo. Wenzangu wananivuta shati zamu yao imefika, mi sibanduki.

Madam akasema huyu ukoo wake ulikuwa wa kula tu, ukijani waliupata ukubwani. Mzee wao mmoja wa zamani sana alimeza mwani wa kijani wa seli moja ila hakumsaga, akabaki naye humo ndani anamtengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ndo maana kloroplasti ya yuglena, yaani kile kijumba cha kijani ndani ya seli kinachotengeneza chakula, ina tando 3 wakati ya majani ina 2. Na huyo mwani naye ukoo wake ulishameza sayanobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua, zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Haya ya bakteria kugeuka kloroplasti aliyaandika mwanabiolojia Mrusi Konstantin Mereschkowsky 1905, hayakushika, mpaka mwenzake Lynn Margulis wa Marekani akayafufua 1967.

Mi bado nikawa na shaka, nikamuuliza madam, sasa haya tunayajuaje na hakuna aliyekuwepo?

Akajibu, "Yuglena ukimweka gizani anapauka, ukimrudisha kwenye mwanga anakuwa kijani tena. Ila ukimpa streptomaisini anakuwa mweupe moja kwa moja, na watoto wake weupe, na wanaishi tu mradi uwape chakula. Kwanini?"

Aisee hiyo dawa nilikuwa naijua! Mjomba TB ilikuwa imemrudia na kila asubuhi anaenda kuchomwa sindano yake, ile chupa ndogo ya unga mweupe nimeishika mwenyewe. Nikasema madam hiyo ni ya kuua bakteria. Akasema ndo hivyo, inakamata ribosomu za bakteria, vile vimashine vya kutengenezea protini, na za kloroplasti ni za aina hiyohiyo, za yuglena mwenyewe ni tofauti ndo maana yeye anapona. Nilisisimka mwili mzima, kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi wa kushika mkononi.

Jioni nikapitiliza kwa mjomba nikamweleza yote, yuko kwenye mkeka chini ya mkorosho, dhaifu lakini anafuatilia neno kwa neno. Akauliza, "Na huu mkorosho je?"

Nikamwambia nao ni walewale mjomba, ila ukoo wa mkorosho ulimeza bakteria mwenyewe, yuglena kameza aliyekwisha meza.

"Kwahiyo huu nao ukichomwa sindano yangu utapauka?"

Nikamwambia miche michanga ndiyo, inapauka kweli.