Watu 171 chini, afu drafti ikampita

Mwezi wa nne 2025 nilimlipa Babu sahani ya pilau na mpaka leo akiniona kwenye korido kazini anashika tumbo na kucheka. Babu si babu yangu wa damu, ni mzee wa kizungu mzaliwa wa hapahapa Iowa, tunapiga naye shifti ya usiku, sisi wabongo tulimuita hivyo siku ya kwanza na yeye akaitika basi likakaa. Tuliwekeana dau, mi nikasema Jay Higgins, lainibeka wa Iowa Hawkeyes, timu ya mpira wa kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, atachukuliwa kwenye drafti ya NFL, ligi ya kulipwa, kabla raundi ya tatu haijaisha (drafti hapa si ile ya kete za kijiweni, ni siku timu za kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu). Yakasomwa majina 257 kwa siku 3, mi nimekodoa macho mpaka jina la mwisho, la Higgins halimo. Baltimore Ravens wakamsaini baadaye kupitia mlango wa nyuma kama mchezaji asiyechaguliwa na mtu.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi, ndo maana ilivunjika kirahisi. Nilisema jamaa 2023 kaangusha watu 171 kwenye msimu mmoja, 2024 kaingia kikosi bora cha nchi nzima kwa kura zote, sasa mnataka nini tena? Babu akaniangalia vile mzee anavyomwangalia mtoto aliyejifunza kuhesabu juzi, akaniuliza swali moja, "Aliwaangusha wapi?" Nikasema uwanjani. Akacheka sana aisee.

Kwa ambao hamfatilii huu mpira wa kimarekani, lainibeka mchukulie kama namba sita wetu, kiungo mkabaji. Mbele yake kuna mabonge wanaosukumana, nyuma yake kuna mabeki wenye mbio wanaolinda pasi ndefu, yeye yuko katikati na kila takataka inayovuja mbele ni ya kwake, na pasi fupi pia za kwake, na mara nyingine anatumwa aende moja kwa moja kumfata kwotabeki, yule mrusha pasi wa wapinzani. Kazi tatu kwa mtu mmoja na ana kama sekunde moja ya kuamua ipi ni ipi. (Neno lao la kumwangusha mwenye mpira nikiliandika kwa herufi zetu linatoka kitu ambacho huwezi kusema mbele ya mama mkwe, kwahiyo mi nabaki na kuangusha.)

Sasa ile 171. Wewe unayezijua Hawkeyes unajua 2023 ilikuwaje, upande wa mashambulizi ulikuwa wa mwisho kwa yadi ilizosogeza mpira kati ya timu zote 133 za daraja la juu la vyuo, wa mwisho kabisa sio karibu na mwisho, mpaka staa wa mji akawa Tory Taylor, mpiga panti, Mwaustralia ambaye kazi yake ni kuja kuupiga mpira mbali wenzie wakishindwa, na akavunja rekodi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ya yadi za panti kwa msimu mmoja. Fikiria hapo. Timu yako ikishindwa kukaa na mpira basi difensi inarudi uwanjani kila dakika mbili, na ikirudi uwanjani kila dakika mbili lainibeka wa katikati atakuwa na watu wa kuangusha mpaka achoke. Juu ya hapo kocha wa difensi, Phil Parker, anapenda kuwaacha wapinzani wapate pasi fupi fupi mbele ya watu wake afu wawafunike, hatari kubwa hataki. Pasi fupi inadakwa, Higgins huyo, chini. Moja. Nyingine, chini. Mbili. Kabla yake kwenye kiti hichohicho alikaa Jack Campbell na 2021 akaangusha watu 143. Kile kiti kinazaa namba, ukikaa na wewe ukawa na akili na pumzi namba zinakuja.

Afu hizo namba zenyewe nani anaandika? Wanaandika watu wa takwimu wa chuo mwenyeji, macho yao na kalamu yao. Mkimrundikia mtu wawili, wote mnaandikiwa, na kwenye jumla kusaidia kunahesabika moja sawa na aliyemchukua mtu peke yake kwenye uwazi. Aliyekosa akapitwa hewani, kwenye karatasi ya kawaida ya mechi hayupo kabisa, yaani kosa lake halina safu.

Kwahiyo siku hizi nina daftari. Mke wangu anasema nimekuwa karani. Kitu cha kwanza naandika ni mpira ulikuwa dauni ya ngapi (dauni ni jaribio, timu inapewa manne ya kusogea yadi 10) na zimebaki yadi ngapi, kwasababu kumwangusha mtu baada ya yadi 3 kunaweza kuwa ushindi au aibu, inategemea. Dauni ya tatu zimebaki yadi 2 ukamwangusha baada ya 3, bwana umechelewa, wameshapata walichotaka, hongera kwa kuandikiwa. Dauni ya tatu zimebaki 15 ukamwangusha baada ya 8, hapo umefanya kazi, wanakuja kupiga panti wanaondoka. Karatasi ya takwimu inaziita zote moja. Ndo swali la Babu lile, wapi.

Kitu cha pili ndo kimenichukua mwaka mzima kukiona na bado kinanishinda kwenye TV, nacho ni hatua ya kwanza. Usiangalie mpira. Najua ni ngumu, kamera inafata mpira, macho yanafata mpira, lakini mpira ukianza jilazimishe kumwangalia lainibeka miguu. Yeye mwenyewe hauangalii mpira, anawaangalia magadi wa upande ule, wale mabonge wawili waliokaa kulia na kushoto kwa anayeanzisha. Gadi akijiinua akarudi nyuma ni dalili ya pasi, akishusha kichwa na kuja mbele ni kukimbia, akichomoka kwenda pembeni basi mfate, mara nyingi mpira unaelekea huko anakoenda. Lainibeka mzuri anapiga hatua ya kwanza wakati wewe kwenye kochi bado hujajua nani ana mpira. Wa kawaida anasimama kidogo, nusu sekunde tu, kama mtu kasahau funguo, na hiyo nusu sekunde ndo gadi mwenye kilo 140 anamfikia. Sasa yule aliyesimama akifanikiwa kujinasua akamkimbiza mtu akamdaka baada ya yadi 7, uwanja unashangilia na mtangazaji anataja jina lake. Aliyesoma mapema akaziba upenyo wake, mkimbiaji akaona pamefungwa akageuka kwa mwenzie, mwenzie akamwangusha, huyo hapati kitu. Hana hata nusu.

Na hapo kuna danganya toto, ile kwotabeki anajifanya kampa mtu mpira afu anaubakiza, anarusha pasi nyuma ya lainibeka aliyeruka mbele kwa pupa. Wanaowahi sana kusoma ndo wanaoliwa na hii, kwahiyo hatua ya kwanza lazima iwe ya haraka na isiwe ya kijinga.

Mfano ninaoupenda ni Georgia ya 2021. Nakobe Dean alichukua tuzo ya Butkus, tuzo ya lainibeka bora wa vyuo, kwa kuangusha watu 72 tu. Sabini na mbili! Luke Kuechly wa Boston College aliichukua 2011 akiwa na 191. Dean alikuwa nusu mtu? Hapana, Georgia walikuwa wanaruhusu pointi kama 10 tu kwa mechi, wapinzani walikuwa wanajaribu mara tatu wanaondoka, watu wa kuangusha hawakuwepo. Na mbele yake alisimama Jordan Davis, bonge la pauni 340 na ushee ambalo peke yake lilikula watu wawili, magadi walikuwa hawafiki kwa Dean, anakimbia huru kama mtu kwenye shamba lake. Hapo ndo ugumu wenyewe, je unampima Dean au unampima Davis? NFL nao walijikanganya. Drafti ya 2022 mwenzie wa palepale Quay Walker, futi 6 na inchi 4, hana tuzo yoyote ya maana, akaenda wa 22. Dean na Butkus yake na futi 5 na inchi 11 akasubiri mpaka wa 83.

Upande wa pili kuna Manti Te'o wa Notre Dame 2012. Kunyakua pasi 7 kwa lainibeka ni kitu cha ajabu, akamaliza wa pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, timu haijafungwa msimu mzima. Wakaenda fainali Januari 2013 dhidi ya Alabama wakapigwa 42 kwa 14, mkimbiaji Eddie Lacy akala yadi 140, na Te'o anaonekana anachelewa, anashika hewa, anapitwa. Wengi walisema kaporomoka ghafla. Mi nikiirudia ile mechi naona magadi wa Alabama wanamfikia, basi. Msimu mzima hawakumfikia wengi. Zile pasi 7 nazo zilikuwa za kweli, ila kunyakua kuna bahati yake, mpira ukidunda kwenye mkono wa mwingine ukakuangukia unaandikiwa vilevile, kwahiyo siku hizi naangalia zaidi kama alikuwa amekaa palipotakiwa kuliko kama kadaka.

Mbio za kombaini, yale majaribio ya kupima vijana kabla ya drafti, nazo nazipa nafasi ndogo, samahani wapenda stopuwachi. Isaiah Simmons wa Clemson alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.39 akiwa na mwili wa lainibeka, Butkus anayo, akachaguliwa wa 8 mwaka 2020, na Arizona wakahangaika miaka mitatu kujua wamweke wapi mwishowe wakamuuza kwa chaguo la raundi ya saba.

Lakini Babu hapendi nikimtaja Kuechly kwasababu hapo namshika. Wale Boston College wa 2011 walishinda mechi 4 wakafungwa 8, yaani hali ileile ya Iowa, timu mbovu mbele, lainibeka anafagia. Kwa sheria yake ile 191 ni takataka. Kumbe Kuechly akaenda Carolina wa 9 kwenye drafti ya 2012 na 2013 akawa mchezaji bora wa difensi wa NFL nzima. "Uliangalia hatua zake?" nikamuuliza. Akasema aliangalia, ndo maana hakubishana na mtu 2012. Sasa hapo sijui ni kweli au ni mzee anajitetea.

Nikamwambia na Higgins mi nimeziangalia, nina daftari, mechi nne nzima za 2024, hatua ya kwanza karibu zote sahihi. Akasema kusoma alikuwa anasoma, shida ilikuwa kufika. Pilau akamaliza akaomba na kachumbari.