Makopo saba ya tope: siku yangu moja Wete

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, na kabla ya kuteleka chai nimetoka barazani kuyaangalia makopo yangu. Yako saba, yote yana tope la mikoko kutoka hori moja hapa Pemba. Manne yamezama chini ya maji ya bahari. Matatu nimeyaacha wazi yapigwe na upepo, nikiyanyunyizia maji kidogo kila Ijumaa. Leo yanatimiza wiki kumi.

Saa 1 na nusu niko skuli. Nafundisha bayolojia na kemia.

Saa 2 asubuhi, Kidato cha Tatu. Somo ni bakteria, nami nimeanzia mbali kabisa na Pemba: mgodini. Kuna jiwe la chuma na salfa liitwalo pairaiti, linang'aa hata watu hulidhania dhahabu. Likiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, halina madhara. Mgodi ukichimbwa, hewa na maji vikalifikia, hutoa asidi ya salfuriki, na chuma kinachoyeyuka huyafanya maji kuwa mekundu. Mto Tinto wa Hispania uko hivyo: pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi (maji safi ni 7, na kadiri inavyoshuka asidi huzidi), ni karibu na 2.

Zamani watu walidhani hiyo ni kemia tupu. Mwaka 1947 Colmer na Hinkle, kule Marekani, wakaonyesha kuwa katika maji makali ya migodi ya makaa ya mawe mna bakteria wanaoifanya kazi hiyo. Mmoja wao leo anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans. Riziki yake ni chuma: hukinyang'anya elektroni, na kwa nguvu hiyo hujijenga kutokana na kaboni ya hewani. Ndani ya maji ya asidi, chuma kikiachiwa hewa peke yake hubadilika polepole mno. Wakiwemo bakteria, kasi huweza kupanda mara milioni moja.

Niliposema kuwa katika mgodi wa Richmond, California, yalipimwa maji yenye pH ya -3.6, darasa zima lilipiga kelele. Hawakujua kama pH hushuka chini ya sifuri. Mgodini humohumo, kwenye maji ya pH karibu na 1, kuna utando wa waridi unaoelea, na wote ni viumbe hai. Kuna hata kijidudu kiitwacho Ferroplasma, kisichokuwa na ukuta wa seli. Siri yao ni kutoiruhusu asidi iingie: nje ni kukali, ndani ya seli pH inakaribia ya kawaida. Kila ninapolieleza hili mwili hunisisimka.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi hatuna mgodi. Mambo haya yatuhusu nini?"

Nikawaambia wavue viatu.

Saa 4 asubuhi, pwani. Ni bamvua, maji yamekupwa mbali, mizizi ya mikoko yote iko nje. Tukizamisha mkono chini ya tope la juu, linatoka jeusi na harufu ya yai viza. Hiyo ni pumzi ya bakteria wa namna nyingine, ambao Beijerinck aliwagundua Uholanzi mwaka 1895. Humu chini hamna hewa, basi wao hupumua salfeti iliyomo katika maji ya bahari na kutoa gesi hiyo. Gesi ikikutana na chuma, tope huwa jeusi, na miaka ikipita hujengeka chembe za pairaiti. Ndiyo ileile ya mgodini. Wa kule wanaivunja, wa huku wanaijenga. Ndiyo maana wapo wanaosafisha maji ya migodi kwa kuyapitisha kwenye mabwawa yenye mboji na mawe ya chokaa: jamaa hawa wa tope huzirudisha metali kuwa yabisi, zikatuama chini.

Yule kijana alikaa kimya, tope limemfika magotini. Kisha akauliza: "Na tukilichimbua hili tukalianika?"

Saa 7 mchana, swala na muhogo wa nazi.

Saa 9 na nusu, tumerudi kwenye makopo. Karatasi za litmasi za kupimia asidi zimekwisha tangu muhula uliopita, kwa hiyo tunatumia maji ya choya niliyoyatia magadi kidogo mpaka yakawa zambarau; yakikutana na asidi huwa mekundu. Makopo manne ya maji: rangi haikubadilika. Kopo la tano, jekundu! La sita, jekundu zaidi. La saba likakataa, na wanafunzi wakaniangalia kama nimewadanganya. Tukalichekecha. Lilikuwa limejaa vipande vya makombe. Kombe ni chokaa, na chokaa huila asidi kadiri inavyozaliwa. Nilifurahi kuliko kama matatu yote yangekubali, maana sasa tulijua kuwa hata tope la hori moja halifanani.

Saa 11 jioni nimekwenda kwa mzee mmoja jirani anayetaka kuchimba bwawa la samaki pale nyuma ya mikandaa. Nimembebea kopo la sita na chupa ya choya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikamimina mbele yake, nikamsimulia na habari ya kopo la saba. Akaitazama rangi, akalinusa tope, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Hili si lile lile la pale?"

"Ni lile lile, babu. Limekaa kwenye hewa tu. Kuta za bwawa zikifanywa kwa hili, mvua ya masika itaishusha asidi kwa samaki."

"Na lile lenye makombe?"

"Hilo sina hakika bado. Lazima tulipime pale pale utakapochimba, kina kwa kina."

Akanyamaza sana. Halafu akamwita mjukuu wake amletee jembe, akaniuliza kesho maji yanakupwa saa ngapi.

Saa 3 usiku. Nimeosha makopo matano mapya, nayaandika namba.