Mkate Chini ya Kitabu

Mwezi wa Desemba 1998, miezi minne baada ya rubli kuporomoka na posho yetu ya masomo kubaki jina tu, mwalimu wetu wa Kirusi alitupeleka kwenye Jumba la Sanaa la Tretyakov, jijini Moscow. Mimi nilifuata joto zaidi ya sanaa, kwa kuwa bwenini tulilala na makoti.

Vyumba vya mwanzo, vilivyojaa wafalme na makabaila, nilivipita kwa heshima tu. Kilichonisimamisha ni kipicha cha Pavel Fedotov, kidogo kiasi cha kubebwa kwapani, kilichochorwa kati ya mwaka 1849 na 1850, kiitwacho Kifungua Kinywa cha Bwana Mkubwa. Kijana aliyevaa joho la nyumbani la fahari ameketi katika chumba chenye samani za kifahari. Mbwa wake amekwisha kusikia mtu mlangoni, na pembeni pa picha unaonekana mkono wa mgeni uliovaa glavu. Shavu la kijana limejaa. Kwa haraka anakifunika kwa kitabu kipande cha mkate mweusi, ilhali kitini kuna tangazo la chaza, chakula cha matajiri. Mwalimu alieleza kwamba Fedotov alikuwa ofisa wa jeshi aliyeacha kazi mwaka 1844 ili achore, na kwamba picha hiyo huitwa pia Mgeni Asiye na Wakati. Wenzangu walicheka sana.

Mimi sikucheka, maana majuma mawili nyuma nilikuwa nikila mkate uleule mweusi, kwa chumvi, niliposikia hodi ya kaka mmoja wa Tanga, aliyetutangulia masomoni, ambaye nilikuwa nimemtambia kwamba nyumbani wananitumia fedha. Kwetu anayekukuta unakula huambiwa "karibu tule" kabla hajaketi. Niliufunika mkate kwa kamusi, na mdomo ukiwa umejaa sikuweza hata kuitikia, naye akapiga hodi mara tatu. Haukuwa uchoyo, ingawa kwa macho ya mtu wa pwani hakuna jina jingine.

Alipoingia tulizungumza kidogo, kisha akasema kuna neno la Kirusi linalomtatiza, akanyoosha mkono akaiinua kamusi. Kipande cha mkate kilikuwa pale, kimebonyea, chembe zimenata kwenye jalada. Aliirudisha kamusi taratibu, palepale ilipokuwa, akasema, "Basi, mdogo wangu, nimelikumbuka."

Mwalimu alituuliza mgeni wa pichani atafanya nini akishaingia. Mmoja alisema atacheka, mwingine akasema atakwenda kuwatangazia watu. Nilinyoosha mkono nikasema kwa Kirusi changu cha kuungaunga kwamba atajifanya hakuona. Mwalimu akanisahihisha kitenzi, tukaenda kwenye picha iliyofuata.